King'ori Waliyopangiwa: Wameru na Raha Wasiyoiomba

Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Moshi, ukaacha nyuma Tengeru, Usa River na Maji ya Chai, unafika Kikatiti. Abiria wa basi huiona kwa dakika chache: maduka pande mbili za lami, bodaboda zinazosubiri wateja, na njia za vumbi zinazopanda kaskazini kwenda Sakila na King'ori. Ukisimama hapo ukatazama kaskazini siku isiyo na mawingu, Mlima Meru uko mkono wako wa kushoto na Kilimanjaro iko kulia.

Nchi hii iliyo nyuma ya Kikatiti ndiyo ambayo serikali ya Mwingereza iliichagua, miaka zaidi ya sabini iliyopita, iwe makao mapya ya Wameru wapatao 3,000 waliokuwa wakiishi Ngare Nanyuki. Waliambiwa kwamba huko King'ori wataishi vizuri kuliko walikokuwa. Maji yatapatikana, mbung'o watafyekewa vichaka vyao, ng'ombe watakuwa na pa kulisha. Mpango ulikuwa na ramani na ulikuwa na bajeti. Jambo moja tu halikuwamo: ridhaa ya watu waliopangiwa heri hiyo.

Mwaka 1951, mwaka ule ule walipohamishwa kwa nguvu, riwaya ya Shaaban Robert, *Kusadikika*, ilitoka kwa mara ya kwanza. Sijui kisa kingine cha Kiswahili kinachostahili kusomwa sambamba na habari za Meru kama hicho. Shaaban alikuwa karani wa serikali hiyo hiyo ya kikoloni, akifanya kazi Tanga, na akabuni nchi inayoelea angani, ambako kijana Karama anashtakiwa mbele ya mfalme kwa kosa la kufundisha sheria. Mshtaki wake ni Waziri Majivuno. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kutafuta la kuwafaa Wakusadikika. Kila aliyerudi na la maana alitupwa gerezani. Wakubwa wa Kusadikika wanajua tayari ni nini kinachowafaa watu wao, kwa hiyo mtu wa kawaida akisema anataka kitu kingine, kauli yake inahesabiwa kuwa kosa la jinai. Tanga na Meru ziko mbali, nami sidai kwamba Shaaban aliandika kwa ajili ya Ngare Nanyuki. Nasema tu kwamba alichokiandika kama hadithi, Wameru walikipata mlangoni kwao kabla mwaka haujaisha.

Ngare Nanyuki iko upande wa kaskazini mashariki wa mlima, nchi kavu yenye upepo, wazi, yenye majani mafupi na udongo wa chumvichumvi unaopendwa na mifugo. Ili kuelewa kwa nini watu waliing'ang'ania, lazima turudi nyuma kidogo. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri. Wajerumani wakiongozwa na Kapteni Johannes wakaja na adhabu ambayo Wameru na Waarusha hawakuisahau: vita, mifugo kuchukuliwa, migomba kukatwa. Kisha ardhi ya chini ya mlima ikaanza kugawiwa walowezi, wakiwamo Makaburu waliofika kutoka kusini mwa Afrika miaka ya 1904 na 1905. Mashamba hayo yakauzunguka mlima kama mkanda. Juu kulikuwa na msitu wa serikali, chini kulikuwa na Mzungu, na Mmeru akabaki katikati na kihamba chake, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, watoto wakiongezeka, ng'ombe wakikosa pa kwenda.

Ngare Nanyuki ilikuwa tundu katika mkanda huo. Baada ya Wajerumani kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, Wameru walirudi huko, na sehemu ya ardhi hiyo waliilipia kwa fedha zao wenyewe. Mtu alikuwa na migomba na kahawa huku juu Poli au Nkoaranga, na ng'ombe wake kwa ndugu yake kule nyikani. Maziwa yalitoka huko. Loshoro, chakula cha mahindi na mtindi ambacho hadi leo hakikosekani kwenye shughuli ya Mmeru, hakiwezekani bila ng'ombe, na ng'ombe hawakuwezekana bila Ngare Nanyuki. Mahari na matambiko pia yalitegemea zizi hilo. Mtu aliyetenganishwa na nusu moja ya maisha hayo alibaki hai, lakini si Mmeru yule aliyejijua.

Nisiipambe Ngare Nanyuki nikaifanya pepo. Mto wake una floraidi nyingi mno. Watoto wanaokua wakinywa maji yale hupata meno yenye rangi ya kahawia ambayo hayasafishiki maisha yote, na wengine mifupa yao huathirika. Maji ya Chai na sehemu za Kikatiti zinaijua shida hiyo hiyo. Afisa mwenye nia njema angeweza kusimama pale na orodha ya maradhi, akathibitisha kwa hesabu kwamba mahali hapa hapamfai binadamu. Wenyeji walilijua hilo kuliko afisa yeyote, maana meno ni yao, na bado walisema hapa ni kwetu.

Mwaka 1946 serikali iliunda Tume ya Ardhi ya Arusha na Moshi chini ya Jaji Mark Wilson. Msongamano wa watu kwenye milima miwili ulikuwa umeshaitia hofu. Ripoti ilitoka mwaka uliofuata, na ndani yake lilikuwamo pendekezo ambalo kwenye karatasi linapendeza: mashamba ya Wazungu yaunganishwe kuwa eneo moja lisilokatika kati ya Kilimanjaro na Meru, kwa ufugaji wa kisasa wa nyama na maziwa, na Waafrika nao wapewe maeneo yao upande mwingine. Ngare Nanyuki iliangukia upande wa Wazungu. Ekari zipatazo 78,000 zingegawanywa kuwa mashamba 13. Wameru wangefidiwa kwa ardhi nyingine, sehemu yake ikiwa mashamba karibu na mlima na sehemu kubwa ikiwa King'ori. Kwa hesabu ya tume, hakuna aliyedhulumiwa. Ekari zilitolewa, ekari ziliingizwa.

Hapa nataka msomaji atulie kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha jambo. Serikali ile haikujiona katili. Huo ulikuwa wakati wa mipango mikubwa ya maendeleo katika Tanganyika. Mradi wa karanga wa Kongwa ulikuwa umeanza 1947, ukameza mamilioni ya pauni na kuachwa mwaka 1951, na bado imani kwamba mtaalamu anajua kuliko mkulima haikutetereka. Kwa King'ori nako serikali ilitoa fedha. Ilishughulikia maji, ilifyeka vichaka vya mbung'o. Mbele ya Umoja wa Mataifa ilieleza kwamba uhamisho huo ni kwa manufaa ya Wameru wenyewe baadaye, na kwamba watakapouzoea wataushukuru. Naamini wapo maafisa waliolisema hilo kwa moyo safi. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wameru walijua kwamba King'ori ina joto, ina homa ya malaria, na ina kupe wa ndigana ambao wangewamaliza ng'ombe waliozoea nyika ya juu. Walilisema hilo mara nyingi, na kila walipolisema lilichukuliwa kuwa dalili kwamba hawajaelewa bado.

Aldous Huxley alikuwa ameshaandika riwaya ya namna hii mwaka 1932. Katika *Brave New World* dola inawapa raia wake dawa ya kuwaondolea huzuni, na mtu anayeomba haki ya kuhuzunika anaonekana ni mgonjwa. George Orwell akafuata mwaka 1949 na *Nineteen Eighty-Four*, ambamo mateso yote ya Winston Smith yana shabaha moja: siku moja ampende kwa dhati yule anayemtesa. Wasomaji wengi hukumbuka kamera na polisi wa vitabu hivyo. Mimi naona la kutisha zaidi ni jinsi dola hizo zinavyohitaji kukubaliwa. Kumtii mkubwa hakutoshi. Lazima raia aseme ana furaha, na akishasema hivyo, yule mtu wa awali, mwenye kumbukumbu na chaguo lake, amekwisha.

Serikali ya Tanganyika nayo ilikuwa inalihitaji hilo neno. Nchi ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa tangu 1946, Mwingereza akiwa mdhamini tu, na mdhamini huulizwa. Kwa hiyo kulitafutwa kwa bidii ishara yoyote ya ridhaa: mzee atakayekubali kwenda kuiona King'ori akairidhia, mkuu wa kienyeji atakayeweka sahihi, familia itakayopokea fidia ya nyumba na mazao yake. Washili, yaani viongozi wa koo, na wazee walikutana, wakakutana tena. Wameru wakaunda chombo chao, Meru Citizens Union, na vijana waliosoma wakakaa na wazee kwenye jambo moja, kitu ambacho hakikuwa cha kawaida siku hizo. Uamuzi ukatoka: hatuhami wenyewe, hatupigani, hatupokei fidia.

Huo uamuzi wa mwisho ndio ninaouheshimu kuliko yote. Fedha zilikuwapo. Mtu ambaye nyumba yake inavunjwa kwa vyovyote vile, kwa akili ya kawaida, angezichukua, awe na pa kuanzia. Lakini anayepokea malipo ameuza, na aliyeuza hana kesi. Walielewa kwamba shilingi zile zikiingia mfukoni mwao, habari itakayoandikwa ni ya Wameru waliohamia kwenye neema.

Mwaka 1951 ujumbe wa Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa ulitembelea Tanganyika, nao ukayasikia malalamiko ya Meru. Haukuzuia kitu. Tarehe 17 Novemba 1951 askari na vibarua waliingia Ngare Nanyuki. Watu walitolewa ndani, vyombo vikawekwa nje, na nyumba zikachomwa moto. Mifugo iliswagwa. Katika malalamiko yao Wameru walieleza jinsi ng'ombe na kondoo walivyokufa njiani na baada ya kufika. Gavana wakati huo alikuwa Sir Edward Twining. Hakuna mkuki uliorushwa, na hilo lilikuwa agizo la wazee lililotiiwa na vijana waliokuwa wakitazama mapaa yakiungua.

Kisha King'ori ikabaki karibu tupu. Wengi wa waliofukuzwa walipanda mlimani kwa ndugu zao, wakabanana kwenye vihamba ambavyo tangu mwanzo havikutosha. Maji yaliyotayarishwa yakakosa wanywaji. Kwa mpangaji wa serikali hii lazima ilikuwa fumbo: mtu anaachaje ardhi yenye nafasi akaenda kubanana na shemeji yake? Kwa Mmeru halikuwa fumbo hata kidogo. Kwenye kihamba cha ndugu alikuwa mtu aliyeporwa, anayedai chake. Angekwenda King'ori angekuwa mtu aliyefadhiliwa.

Michango ikakusanywa, senti kwa senti, za kahawa na za ng'ombe. Wakili wao, Earle Seaton, alikuwa mtu mweusi kutoka Bermuda aliyekuwa na ofisi Moshi. Msemaji wao alikuwa Kirilo Japhet, bado kijana. Katikati ya mwaka 1952 wote wawili walikuwa New York, na Kirilo akawa Mtanganyika Mwafrika wa kwanza kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuilalamikia serikali inayomtawala. Fikiria umbali wake. Mtu wa kijiji cha Meru, mbele ya wawakilishi wa dola, anajibu hoja za mwakilishi wa Uingereza kwamba watu wake wamefanyiwa hisani.

Baraza la Udhamini lilisikitika, likaishia hapo. Mwishoni mwa mwaka 1952 shauri lilikwenda hadi Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, na huko nchi nyingi zikaunga mkono Wameru warudishiwe ardhi yao. Lilipofika kwenye Baraza Kuu lenyewe azimio halikupata theluthi mbili ya kura zilizohitajika, likaanguka. Kwa karatasi, Wameru walishindwa. Lakini Tanganyika nzima ilikuwa imesikia. Julius Nyerere alirudi kutoka Edinburgh Oktoba 1952 akakuta nchi inalizungumza jambo la Meru. TANU ikazaliwa tarehe 7 Julai 1954. Na Machi 1955 Nyerere mwenyewe alisimama mbele ya Baraza lile lile la Udhamini, kwenye njia ambayo Wameru walikuwa wameshaipita. Kirilo na Seaton waliandika kitabu kuhusu kesi hiyo, kikatoka mwaka 1967. Mmarekani Anton Nelson, aliyekuja kuishi na kufanya kazi Meru baada ya kesi, naye akachapisha chake mwaka huo huo.

Na mashamba yale 13? Ufugaji wa kisasa haukusitawi kama ramani ilivyoahidi. Walowezi mmoja mmoja walishindwa wakaondoka, na karibu na Uhuru na baada yake Wameru walirudi Ngare Nanyuki. Walirudi kwenye upepo ule ule na maji yale yale ya floraidi.

Ningependa habari iishie hapo, na mkoloni awe peke yake katika lawama, lakini ukweli hauniruhusu. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri. Ni yeye ambaye mwaka 1968, katika andiko lake juu ya uhuru na maendeleo, alikuwa amesema kwamba mtu haendelezwi na mwingine, hujiendeleza mwenyewe. Hadi mwaka 1976 mamilioni ya Watanzania walikuwa wamehamishwa, na sehemu nyingi nyumba zilibomolewa ili mtu asirudi. Miteremko ya Meru na Kilimanjaro, kwa kuwa ilikuwa imeshajaa watu, haikuguswa sana na zoezi hilo. Kwingineko ahadi zilifanana na za King'ori: maji, shule, zahanati. Euphrase Kezilahabi aliliandika jambo hilo katika *Gamba la Nyoka* mwaka 1979, wakati ambapo kulisema waziwazi hakukuwa kwepesi. Vijana wake wasomi, Mambosasa na Mamboleo, wanaijua heri ya wanakijiji kutoka vitabuni, na wanakijiji wanaukataa uhamisho. Namlaumu Mwalimu kwa majonzi, kwa kuwa yeye aliijua kesi ya Meru kuliko viongozi wengi, na nia yake ilikuwa njema kuliko ya Twining. Nia njema ndiyo hasa iliyofanya iwe vigumu kumsikia anayesema hapana.

Siku hizi mjadala huo umerudi mkoa wetu huu wa Arusha kwa sura nyingine. Tangu Juni 2022 serikali imekuwa ikiwahamisha wakazi wa Ngorongoro waliojiandikisha kwenda Msomera, wilaya ya Handeni. Familia hupewa nyumba ya vyumba vitatu kwenye eneo la ekari 2.5, na shamba la ekari 5. Serikali inasema zoezi ni la hiari. Wapo waliokwenda na kusema maisha yao yamekuwa bora, na siwezi kuwanyang'anya kauli yao, ni yao. Wapo pia maelfu walioandamana Agosti 2024 wakisema hawataki kwenda, na Desemba ya mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wa Kimaasai Arusha akaahidi tume mbili, moja ya mgogoro wa ardhi na nyingine ya utekelezaji wa zoezi lenyewe. Ninachoomba ni kwamba anayehesabu vyumba na ekari azihesabu na "hapana" pia. Mwaka 1951 hazikuhesabiwa.

Turudi nyuma ya Kikatiti. King'ori ya leo si tupu tena. Ina nyumba, ina mashamba ya mahindi na maharage, ina shule na makanisa. Watu wa mlimani walishuka wenyewe, mmoja akimwita mwenzake, kihamba cha baba kilipokuwa hakigawanyiki tena. Joto ni lile lile, na kupe hawakuhama wote. Udongo uliokataliwa mwaka 1951 ulikubaliwa baadaye na wajukuu wa watu walewale, kwa sababu safari hii hakuna aliyewaambia wafurahi.

Aliyekuwa na miaka kumi siku nyumba zilipochomwa sasa amepita themanini. Kama una bibi au babu wa Ngare Nanyuki, Leguruki au King'ori anayekumbuka asubuhi ile, nenda ukakae naye mwaka huu. Muulize walibeba nini, walilala wapi usiku wa kwanza, na nani katika ukoo alikataa zile fedha. Andika majina yao.